Kuingiza plagini yako mwenyewe kwenye Nagios: mwongozo kamili, kwa mfano wa volti za betri za mnara

"Mkuu, skripti inakubali nikiiendesha mwenyewe, ila Nagios inaikataa." Swali hili mafundi wa mtandao wa Moshi na Arusha wanaliuliza kila mara, na karibu kila mara kosa ni lile lile: skripti imejaribiwa kwa mtumiaji root (mwenye ruhusa zote), kisha ikapelekwa moja kwa moja kwenye Nagios. Nagios, programu inayokagua vifaa vya mtandao kwa kuendesha skripti ndogo ziitwazo plagini na kukutumia onyo, haifanyi kazi kama root. Ina mtumiaji wake, ina ruhusa zake, na haijui lolote kuhusu terminali yako.

Mwongozo huu unaenda hatua kwa hatua. Usivuke hatua kabla hujaona matokeo niliyoandika mwishoni mwake. Ukivuka, kosa dogo la hatua ya pili litakuja kukusumbua hatua ya nane, na hapo hutajua limetoka wapi.

Mfano ni wa mnara wa linki kule Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro: ruta ya MikroTik inayokula umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa kuwa 24, zikichajiwa na sola. Seva ya Nagios iko Moshi mjini. Nimeuchagua kwa sababu mwezi wa sita na wa saba mawingu yanaweza kuukalia mlima siku nyingi mfululizo, betri zinashuka kidogo kidogo, na wengi wanakuja kujua alfajiri linki ikishakatika. Ping, inayouliza tu kama kifaa kinajibu, haiwezi kukuonya mapema. Volti zinaweza.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

Seva ya Ubuntu au Debian yenye kifurushi cha nagios4, ikiwa tayari inafanya kazi na ukurasa wake unafunguka. Kama uliisimika Nagios kutoka kwenye msimbo wake, hatua ni zile zile, ila folda ya plagini ni /usr/local/nagios/libexec na mipangilio iko /usr/local/nagios/etc.

Ruta ya mnara iwe imeshasajiliwa kwenye Nagios kama kifaa. Hapa jina lake ni mnara-kibosho na anwani ni 10.20.0.2. Seva ni 10.20.0.5.

Uwe na ruhusa ya sudo kwenye seva, Winbox au SSH ya kuingia kwenye ruta, na zana za SNMP (njia ya kusoma vipimo vya kifaa kupitia mtandao):

sudo apt install snmp

Mita ya kupimia volti. Usiiache mjini. Bila mita, namba zote utakazoweka zitakuwa za kubahatisha.

Onyo moja la mapema: kama ruta yako inapata umeme kupitia adapta iliyochomekwa kwenye inveta, plagini hii haitakufaa. Adapta inatoa volti zile zile hata betri ikiwa inakata roho. Ni lazima ruta ilishwe na betri yenyewe.

Hatua ya 1: Ruta ijibu kwanza

Ingia kwenye ruta uone kama inapima volti:

/system health print

Ukiona voltage na namba yake, endelea. Zipo ruta ndogo zisizo na kipimo hicho; kwa hizo hakuna skripti itakayosaidia.

Sasa washa SNMP, lakini usiache jina la siri la "public". Kila anayepekua mitandao anaanza na jina hilo.

/snmp community set [find default=yes] name=mlimaSoma24 addresses=10.20.0.5/32 read-access=yes write-access=no
/snmp set enabled=yes

Weka siri yako mwenyewe, siyo hii, na itumie herufi na namba tu. Alama kama ! na $ zina maana maalumu ndani ya Nagios na zitakuletea matatizo ambayo huwezi kuyaona kwa macho. Hiyo addresses inahakikisha ni seva yako tu inayojibiwa. Kama fayawoli ya ruta inazuia, ruhusu UDP 161 (mlango wa SNMP) kutoka 10.20.0.5, na kanuni hiyo ikae juu ya ile ya drop (ya kutupa pakiti), kwa sababu ruta inasoma kanuni kuanzia juu na kusimama kwenye ya kwanza inayolingana.

Usifungue 161 upande wa intaneti. SNMP toleo la 2c inasafirisha siri yako ikiwa wazi.

Rudi kwenye seva:

snmpwalk -v2c -c mlimaSoma24 10.20.0.2 1.3.6.1.4.1.14988.1.1.3

Namba 14988 ndiyo ya MikroTik kwenye mti wa SNMP, na tawi hili linabeba afya ya kifaa. Tafuta mstari ambao thamani yake ni volti ulizoziona kwenye ruta mara kumi. Ruta ikisema 24.9, hapa utaona 249:

iso.3.6.1.4.1.14988.1.1.3.8.0 = INTEGER: 249

Anwani inayoishia 3.8.0 ndiyo ya kawaida ya volti. Kwenye RouterOS 7 baadhi ya vifaa vinaweka vipimo kwenye matawi mengine, kwa hiyo usikariri: tafuta namba inayolingana, kisha nakili anwani iliyo mbele yake. Ndiyo utakayoiweka kwenye mstari wa OID wa skripti, hatua ya 3.

Umefaulu ukiona volti za ruta na za snmpwalk zinakubaliana. Ikiandika Timeout: No Response, tatizo ni siri, fayawoli au addresses. Kaa hapa hapa mpaka lipone.

Hatua ya 2: Pata namba za onyo kwa mita, siyo kwa kukisia

Hapa ndipo wengi wanaponakili namba za mtu mwingine, na ndipo plagini nzuri inapogeuka kero.

Betri mbili za asidi zilizofungwa kuwa volti 24, zikiwa zimejaa na zimetulia, zinasoma karibu 25.4. Zikifika 24.4 zimebaki na kama nusu. Zikishuka chini ya 23 huku mzigo ni ruta tu, zimekwisha. Mchana sola ikiwa inachaji namba inapanda juu ya hapo sana, na haikuambii betri ina nini. Kipimo cha kweli ni cha usiku na alfajiri. Betri za lithium zina tabia nyingine kabisa: volti zake hazishuki sana mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo usizitumie namba hizi.

Ila ruta haipimi volti za betri. Inapima volti zilizofika kwake, baada ya kebo kula chake. Kebo ndefu na nyembamba inayopanda mnara inaweza kula nusu volti au zaidi.

Kwa hiyo weka mita kwenye vichwa vya betri, soma, na papo hapo soma ruta. Tuseme mita inaonyesha 25.6 na ruta inaonyesha 24.9. Tofauti ni 0.7. Nataka onyo betri ikifika 24.4 na hatari ikifika 23.3. Natoa 0.7 kote: 23.7 na 22.6. Kwa lugha ya ruta ni 237 na 226.

Angalia pia kontrola ya sola inakata mzigo kwa volti ngapi. Namba yako ya hatari ni lazima iwe juu ya hapo, la sivyo mnara utazimika kabla ujumbe haujakufikia. Na onyo la kwanza liwe juu kiasi cha kukupa muda wa kupanda mlimani na betri nyingine. Barabara ya masika unaijua.

Umefaulu ukiwa na namba mbili zilizoandikwa kwenye daftari, pamoja na tofauti ya kebo ya mnara huo. Kila mnara una yake.

Hatua ya 3: Andika skripti

Iandike kwenye seva yenyewe kwa nano. Usiiandike kwenye Windows, na usiipokee kwa WhatsApp kisha uibandike. Windows inaweka alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na alama za kunukuu huwa zinabadilishwa njiani kuwa zile zilizopinda, ambazo bash haizitambui.

nano check_volti_mikrotik

Weka haya:

#!/bin/bash
OID=1.3.6.1.4.1.14988.1.1.3.8.0

while getopts "H:C:w:c:" herufi; do
  case $herufi in
    H) KIFAA=$OPTARG ;;
    C) SIRI=$OPTARG ;;
    w) ONYO=$OPTARG ;;
    c) HATARI=$OPTARG ;;
    *) echo "UNKNOWN - chaguo halitambuliki"; exit 3 ;;
  esac
done

if [ -z "$KIFAA" ] || [ -z "$SIRI" ] || [ -z "$ONYO" ] || [ -z "$HATARI" ]; then
  echo "UNKNOWN - taarifa hazijakamilika"
  exit 3
fi

V=$(/usr/bin/snmpget -v2c -c "$SIRI" -t 3 -r 1 -Oqv "$KIFAA" $OID 2>/dev/null)

if ! [[ $V =~ ^[0-9]+$ ]]; then
  echo "UNKNOWN - ruta haijatoa volti"
  exit 3
fi

VOLTI="$((V/10)).$((V%10))"

if [ "$V" -le "$HATARI" ]; then
  echo "CRITICAL - volti $VOLTI | volti=$VOLTI"
  exit 2
elif [ "$V" -le "$ONYO" ]; then
  echo "WARNING - volti $VOLTI | volti=$VOLTI"
  exit 1
fi

echo "OK - volti $VOLTI | volti=$VOLTI"
exit 0

Mambo matatu ya kuelewa, kwa sababu ukiyaelewa unaweza kutengeneza plagini ya kitu chochote.

La kwanza na kubwa kuliko yote: Nagios haiamui hali kwa maneno. Unaweza kuandika "CRITICAL" kwa herufi kubwa, lakini skripti ikitoka na 0, ukurasa utakuwa wa kijani. Inachosoma ni namba ya kutokea: 0 ni OK, 1 ni WARNING, 2 ni CRITICAL, 3 ni UNKNOWN. Maneno ni ya kusomwa na wewe.

La pili, nimeandika /usr/bin/snmpget kwa njia yake kamili. Terminali yako inajua mahali pa kutafuta programu. Nagios huenda isijue.

La tatu, ruta isipojibu, skripti inatoka na 3, haitoki na 0. Plagini inayosema OK wakati haijapata jibu ni hatari kuliko kutokuwa na plagini. Kile kinachofuata alama ya | ni kipimo kwa ajili ya programu za kuchora grafu. Usipokuwa nazo hakidhuru.

Hatua ya 4: Iweke mahali pake

sudo install -o root -g root -m 755 check_volti_mikrotik /usr/lib/nagios/plugins/

Amri hii moja inanakili, inaweka mmiliki na inatoa ruhusa. Mmiliki ni root kwa makusudi: mtumiaji nagios anaiendesha lakini hawezi kuibadilisha, hata mtu akiingilia ukurasa wa Nagios. Usiiache /root au kwenye folda yako ya nyumbani halafu ukaielekeza huko. Nagios haina ruhusa ya kuingia humo, na hilo peke yake linaeleza malalamiko mengi ninayoyasikia.

Umefaulu ls -l ikionyesha -rwxr-xr-x root root.

Hatua ya 5: Ijaribu ukiwa nagios

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Tafadhali usiiruke.

sudo -u nagios /usr/lib/nagios/plugins/check_volti_mikrotik -H 10.20.0.2 -C mlimaSoma24 -w 237 -c 226; echo $?

Skrini inatakiwa itoe mistari miwili:

OK - volti 24.9 | volti=24.9
0

Mstari wa pili ndio unaohusika. Ni ile namba ya kutokea.

Usiishie kwenye OK. Rudia ukiweka -w 300 na uone WARNING na 1. Rudia ukiweka -w 300 -c 290 na uone CRITICAL na 2. Halafu kosea siri kwa makusudi: baada ya sekunde kama sita upate UNKNOWN na 3. Plagini ambayo hujaiona ikisema hali zote nne hujaijaribu, umeiangalia tu.

Ikikataa hapa kwa Permission denied, rudi hatua ya 4. Ikisema bad interpreter na ukaona ^M, faili lilipitia Windows, lisafishe:

sudo sed -i 's/\r$//' /usr/lib/nagios/plugins/check_volti_mikrotik

Kwa skripti za watu wengine kuna mtego wa ziada. Nyingi zinahifadhi faili la muda ndani ya /tmp. Ukiiendesha mara ya kwanza kama root, faili linakuwa mali ya root, na nagios akija anashindwa kuandika juu yake. Lifute, kisha uanze upya ukiwa nagios.

Hatua ya 6: Siri ikae kwenye faili lake

Usiandike siri ya SNMP kwenye mipangilio ya kawaida ambayo utakuja kumtumia mwenzako. Fungua /etc/nagios4/resource.cfg na uongeze:

$USER5$=mlimaSoma24

Kagua pia kwamba mstari wa $USER1$ unaelekeza /usr/lib/nagios/plugins. Kisha:

sudo chown root:nagios /etc/nagios4/resource.cfg
sudo chmod 640 /etc/nagios4/resource.cfg

Hatua ya 7: Itambulishe kwa Nagios

Tengeneza /etc/nagios4/conf.d/volti.cfg. Jina liishie .cfg; likiishia .conf au .txt Nagios italipita bila kusema neno.

define command {
    command_name    check_volti_mikrotik
    command_line    $USER1$/check_volti_mikrotik -H $HOSTADDRESS$ -C $USER5$ -w $ARG1$ -c $ARG2$
}

define service {
    use                     generic-service
    host_name               mnara-kibosho
    service_description     Volti za betri
    check_command           check_volti_mikrotik!237!226
    check_interval          5
    retry_interval          1
    max_check_attempts      3
}

Alama ya mshangao inatenganisha: 237 inakuwa $ARG1$, 226 inakuwa $ARG2$. Usiweke nafasi kuizunguka. Mnara wa pili hauhitaji skripti nyingine. Ongeza service nyingine yenye host_name na namba zake.

Jaribio la tatu likishathibitisha tatizo ndipo ujumbe unatumwa. Betri haiishi kwa dakika mbili, na kipimo kimoja kilichopotea njiani hakistahili kumwamsha mtu.

Hatua ya 8: Hakiki, ndipo uwashe upya

sudo nagios4 -v /etc/nagios4/nagios.cfg

Unatafuta Total Errors: 0, na chini yake Things look okay. Ikitaja kosa, inataja na faili na mstari. Usiwashe upya kukiwa na kosa: Nagios itazimika, na minara yote itabaki bila mwangalizi.

sudo systemctl restart nagios4

Kwenye ukurasa, huduma mpya inaanza na PENDING. Ipe dakika chache. Umefaulu ikigeuka kijani na kuonyesha volti zile zile za hatua ya 5.

Hatua ya 9: Lazimisha onyo litokee

Badilisha 237 iwe 300 kwenye volti.cfg, hakiki, washa upya, na usubiri. Huduma inatakiwa iwe ya njano, na baada ya jaribio la tatu ujumbe utoke. Kisha rudisha 237, hakiki na uwashe tena. Hakuna haja ya kuchomoa betri mnarani kwa ajili ya jaribio.

Ikigoma, soma ujumbe kabla ya kugusa kitu

Ujumbe unaoonekana kwenye ukurasa, au kwenye /var/log/nagios4/nagios.log, unaeleza mengi kuliko unavyodhani.

Return code of 127 is out of bounds maana yake plagini au programu inayoitwa ndani yake haijapatikana: jina limekosewa kwenye command_line, au $USER1$ inaelekeza kwingine. 126 ni ruhusa. Rudi hatua ya 4. Baadhi ya matoleo yanaandika execvp na errno badala yake: 2 ni faili halipo, 13 ni ruhusa.

Ukiona "taarifa hazijakamilika" kwenye ukurasa wakati hatua ya 5 ilikubali, plagini ni nzima. Nagios haikuipatia kitu fulani, na mara nyingi ni $USER5$ iliyokosewa au ! moja iliyosahaulika.

UNKNOWN inayokuja na kuondoka hasa jioni, watu wakiwa wengi mtandaoni, ni linki iliyojaa. Pakiti za SNMP zinaangushwa. Unaweza kuongeza -t iwe 5, lakini dawa ni kuzipa pakiti hizo kipaumbele kwenye ruta.

Rangi ikibadilika vizuri lakini ujumbe haufiki, acha plagini, haina kosa. Fungua /etc/nagios4/objects/contacts.cfg. Anwani inayokuwemo tangu mwanzo ni nagios@localhost, na kisanduku hicho hakuna anayekisoma. Weka ya kwako, kisha thibitisha kwamba seva yenyewe inaweza kutuma barua pepe nje kabla ya kuwatumaini Nagios na betri za mnara.